Springi Iliyofungwa kwa Gome

Fundi viatu wa hapa kwetu Mtendeni ana kipande cha nta kilichokuwa cheusi kwa uchafu wa vidole, na kabla hajashona hupitisha uzi wake juu yake ili ulainike. Mimi hupita hapo nikienda sokoni na kikapu changu, na siku nyingi hiyo nta hata siisikii. Lakini juzi kijana wa bodaboda alisimama pale pale kuziba petroli iliyokuwa ikimvujia, na zile harufu mbili zikapanda pamoja katika jua kali la mchana, nta na petroli. Nikashika ukuta. Fundi akaniuliza, "Bibi, vipi, kizunguzungu?" Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani tu. Akanivutia kigoda, na kwa kuwa nimekwisha kukaa, acheni niwaeleze na nyinyi.

Baba yangu alikuwa akinunua asali na nta vijijini na kuiuza mjini Tabora, enzi za Mwingereza. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, huko huko Tabora, nyumba yenye ukuta mrefu uani, na ukoo wetu ulijiita wa Waarabu wa Muskati, ingawa sikumjua hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo Muskati. Baba alikuwa na landrova aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, turubai lake viraka vitupu. Aliipenda kupita kiasi. Ikigoma aliibembeleza, ikiwaka aliisifu, na Bibi, mama yake, alimtania kwamba ana wake wawili na yule wa chuma ndiye kipenzi. Kwa kila kilichoharibika Baba alikuwa na methali moja tu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliisema gari likiharibika porini, aliisema hata kikombe cha chai kikimponyoka.

Mama hakuwa wa mjini. Alikuwa Mnyamwezi wa misituni, mbele ya Ipole, kando ya ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe zao. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimchukua binti yake porini na kumfundisha kubandua gome la mti, kulikunja, kulifunga kwa kamba za gome hilo hilo mpaka likawa mzinga. Baba alimwona huko alipokwenda kununua nta. Akamwoa, akamleta Ng'ambo, akamweka nyuma ya ule ukuta.

Alimpenda, siwezi kumsingizia. Lakini mke wa nyumba yetu hakutoka mchana. Alitoka giza likiingia, kwa harusi au kwa msiba, na buibui lake na mtu wa kumsindikiza. Mimi niliona ndiyo dunia ilivyo, maana wake wote wa ukoo wetu waliishi hivyo. Nilichokiona ni kwamba Mama alifagia ua ule asubuhi, akaufagia mchana, akaufagia tena jioni, hata pasipo na jani la kufagia.

Mwaka ule, mvua zilipokwisha, nilimsikia nyuma ya pazia akizungumza mbele ya Bibi na wazee wawili wa ukoo.

"Nirudisheni kwetu," alisema. "Sijakosewa na mtu, wala sijamkosea mtu. Nimechoka."

"Kuchoka ndiko kuvunje nyumba?" Bibi akamwambia. "Mvumilivu hula mbivu."

"Nimevumilia, mama. Zimeoza."

Wazee walicheka kidogo. Baba akaahidi mbele yao kwamba atamrudisha yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na mimi, kwa desturi yetu mtoto wa umri wangu ni wa baba. Ningebaki Ng'ambo.

Lazima niwaeleze jambo moja hapa, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mke aliyefikishwa kwao na mumewe, akakabidhiwa kwa baba yake kwa salamu, huyo amerudishwa kwa heshima, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini mke aliyejitokeza kwao kwa miguu, na vumbi kwenye nyayo, huyo ametoroka. Hata Babu angekuwa na huruma kiasi gani, wazee wa kijiji wangemgeuza arudi kwa mumewe siku hiyo hiyo, na nafasi ya pili ya kuomba kurudi kwao isingekuwepo. Mama aliyajua hayo. Mimi niliyasikia kwa Bibi, aliyeamua niende nao na nirudi na Baba, kwa sababu, alisema, mtoto akikaa katikati watu wazima hushika adabu.

Basi nikakaa katikati. Baba kwenye usukani, Mama dirishani na buibui lake, mimi baina yao, magoti yamebana gia. Nyuma yetu madebe matupu ya nta na yale ya petroli yaligongana, na harufu zake zilitulia kooni. Tulipoingia msitu wa miyombo Baba alisema tufunge vioo, kwa sababu ya mbung'o. Wasiowajua mbung'o niwaambie ni inzi mwenye ubishi. Analipenda gari kama mtoto anavyopenda harusi, anakimbia nalo, anagonga kioo, na akiuma unadhani umechomwa sindano. Tukafunga. Joto lile sijapata kulisahau. Nguo yangu iligandana na buibui la Mama upande huu na kanzu ya Baba upande ule. Nilitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nafasi.

Niliomba Mungu gari liharibike. Nisiwafiche, niliomba kwa kila aya niliyofundishwa chuoni. Na tulipokuwa tunavuka korongo kavu, upande wa nyuma ukalia kwa kishindo, gari likalala upande kama mtu aliyeteguka nyonga, na gurudumu likaanza kusaga bodi. Baba akazima injini. Akashuka, akachungulia chini, akarudi akifuta mikono.

"Springi imekatika," alisema. "Jani kubwa lenyewe." Springi ya landrova ni mabapa ya chuma yaliyolaliana, kila bapa huitwa jani, na hilo kubwa ndilo linalobeba gari.

Nikangoja methali yake. Haikuja. Alipanda akafunga mlango, mbung'o wawili wakaingia naye, akakaa akiangalia mbele kama gari linakwenda.

"Mungu hakuipenda safari hii, Mama Zuhura," akasema taratibu. "Tungoje lori la kwenda Tabora, lituvute. Tukifika nyumbani tutazungumza upya."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Zuhura ndiye mimi, na nilimwona Mama yangu tayari yupo uani na ufagio wake. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi katika joto lile lote, na haukunishika.

Tulingoja. Lori halikuja, na jua likasogea kidogo, na mbung'o waliendelea kugonga vioo. Baba alijaribu kuongea mambo ya kawaida, bei ya nta, harusi ya binamu yangu, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyoizoea. Mama aliitazama njia iliyokuwa mbele. Kutoka pale hadi kwao mtu mwenye afya angefika kabla ya jua kutua, kwa miguu. Nilimwona anapima. Kisha akatazama miguu yake, akaisogeza pamoja chini ya buibui, na nadhani ndipo alipoamua.

Alivua buibui lake. Alilivua ndani ya gari, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwangu. Nilishtuka. Sikuwahi kuiona mikono ya mama yangu kwenye jua nje ya ukuta wetu. Akajifunga kanga kiunoni, akafungua mlango, akateremka katikati ya mbung'o, akaenda nyuma akachukua panga la Baba.

"Mama Zuhura, unafanya nini?" Baba akauliza.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Mama akasema. "Si ndivyo unavyosema kila siku?"

Baba akateremka naye, akasimama kando ya gari, mikono nyuma.

Mama aliuchagua muyombo mchanga, akaukata gome chini, akalishika kwa mikono miwili akarudi nyuma nalo, likabanduka kwenda juu mpaka kwenye matawi, refu, jekundu kwa ndani, linatoka maji. Akaufanya hivyo mti wa pili. Akachana zile ngozi za mti ziwe kamba nyembamba, akazipondaponda kwa bapa la panga zilainike. Halafu akakata vipande viwili vya mti mgumu, akavichonga bapa upande mmoja. Baba alikuwa bado amesimama na mikono nyuma, akitazama huku na huku kama kwamba kuna wa kuwaona, porini kule. Mwishowe mbung'o walimchosha, au aibu ilimchosha, akaenda akatoa jeki. Akainua gari. Akalala mgongo chini ya ekseli na kanzu yake nyeupe.

Wakafanya kazi pamoja. Baba alishikilia vile vipande vya mti juu na chini ya springi, pale ilipokatika, na Mama alizungusha kamba, anakanyaga gari kwa mguu anavuta, anazungusha tena. "Shikilia." "Nimeshikilia." "Sogeza kwako kidogo." "Hapo?" "Hapo hapo." Sikuwahi kuwasikia wakizungumza maneno mengi namna ile, na mimi mjinga nikadhani wanapatana. Nilikaa na buibui mapajani nikitoa jasho, nikiwaza, wakimaliza watacheka, tutageuza gari. Kumbe kila mzunguko wa kamba ulikuwa unanitenganisha na mama yangu, na ni yeye aliyekuwa anavuta.

Walipomaliza Mama alipiga springi kwa kiganja, kama unavyopigwa mzinga kusikiliza nyuki, akajipangusa vumbi nyayoni, akaingia, akachukua buibui lake, akavaa. Baba alishika usukani. Angeweza kugeuza, njia ilikuwa pana pale. "Basi," akasema, na akaenda mbele.

Tulifika jioni, polepole. Mama alishuka kutoka kiti cha mbele, nyayo zake safi. Babu alitoka, Baba akamsalimu shikamoo, akasema maneno yanayosemwa, kwamba nimekuletea amana yako, haina kasoro. Babu akaitika marahaba na kumshukuru. Yakaisha hapo, jambo zito kama lile. Tulikula ugali na asali, na mimi nililala nimemkumbatia Mama kwa nguvu, nikifikiri nikimshika vizuri kutapambazuka tofauti.

Kulipopambazuka hayupo kitandani. Nilimkuta uani kwa babu, na hakuvaa buibui. Alikuwa chini ya gari. Alikuwa amezikata zile kamba zote za jana na kuzitupa, na pembeni yake kulikuwa na lundo la gome jipya, bichi, ambalo bila shaka alilifuata msituni kabla sijaamka. Alikuwa anafunga upya. Nilimwona anazungusha, anakaza kwa mguu, anafunga fundo, halafu juu ya fundo hilo lingine. Hasira ilinipanda. Nilidhani ana haraka tuondoke.

"Mbona unatufukuza?" nikamwuliza, nikilia.

Alitoka chini ya gari, vumbi nyweleni, akanitazama. "Njia ni mbaya, mwanangu," akasema. Akarudi chini akaendelea kufunga.

Baba na mimi tuliondoka. Niligeuza uso asinione, wala sikumpungia mkono. Ile springi ilivuka makorongo yote, ikapita Sikonge, ikafika Ng'ambo salama, na Baba aliendesha nayo mpaka alipopata nyingine ya kuweka. Siku ya kuzitoa zile kamba alishindwa kuzifungua, akaomba panga.

Nilimwona Mama mara chache baadaye, sikukuu kwa sikukuu, amenenepa, anacheka, anatembea mchana. Nilimpenda kwa hasira kwa miaka mingi. Nilisema aliniacha, na watu walikubali, maana ndivyo ilivyoonekana. Nilidhani siku ile sisi watatu tulikuwa tumenaswa porini, kumbe wa kunaswa alikuwa mmoja, na alinaswa tangu zamani, nyuma ya ukuta ambao mimi niliuita nyumbani. Hilo nililielewa nilipoolewa.

Lakini la asubuhi ile nililielewa nilipokuwa na mtoto wangu, siku ya kwanza anapanda basi peke yake kwenda shule ya bweni, na mimi nikajikuta nimechuchumaa nakagua matairi mbele ya abiria wote, mtu nisiyejua tairi wala nati. Kamba za jana zilimfikisha Mama alikokwenda. Yeye hakuwa na safari tena. Gari lile lilikuwa linarudi na mimi ndani.