Mbio za Mitamba

Ukiwauliza watu wa Musoma mbio zetu za punda zilianzaje, kila mmoja atakupa hadithi yake. Mimi nilikuwepo. Zilianzia saluni, Kamunyonge, shangazi yangu akiwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa.

Kwenye televisheni farasi walikuwa wanakimbia huko nchi za watu, juu ya majani ya kijani yaliyokatwa vizuri. Msusi, aliyekuwa anamwelewa mtangazaji, akatuambia wote wale ni majike wachanga, na mbio zao ni kubwa kweli kweli, za miaka mingi.

"Majike peke yao?" shangazi akauliza.

"Peke yao."

Shangazi aliendelea kuwatazama mpaka upande wa pili ukaisha. Tulipofika kwake Butiama, alikwenda moja kwa moja zizini kumtazama punda wake wa kubebea maji, jike la kijivu lenye miguu mirefu.

"Na huyu hapa kazi yake kubebaga madumu tu," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Jumapili, baada ya misa, akatangaza mbele ya watu: mahindi yakishavunwa kutakuwa na mbio kwenye majani nyuma ya kanisa. Watakaoshindana ni mitamba, majike ambao hawajazaa, na watakaowapanda ni wasichana. Wanaume walicheka. Mmoja akauliza madume wamekosa nini.

"Hawajawahi kukosa kitu," shangazi akamjibu. "Ndiyo maana."

Mwaka wa kwanza ilikuwa vurugu. Firimbi ilipolia, nusu ya punda waligeuka wakaelekea kisimani, kwa kuwa ndiko walikozoea kupelekwa. Mimi nilikuwa juu ya yule wa kijivu, nimekalia gunia, nimeng'ang'ania shingo, na tulishinda kwa sababu tulikimbia upande unaotakiwa. Mwaka uliofuata tulishinda tena, safari hii kihalali. Habari zikaenea. Watu wakaja kutoka Bunda na Murangi, wengine na sato wa kukaanga wa kuuza, uwanja wa kanisa ukawa mdogo, tukahamia Buhare.

Huko Buhare ndiko mambo yalikogeuka. Tukiwa tunajipanga, baba mmoja muuza mbao kutoka Bunda, mwenye mtamba mweusi, aliinama akamtazama punda wetu tumboni.

"Mama, huyu ana mimba."

"Ameshiba tu," nikadakia.

Bwana mifugo akaitwa. Akapapasa tumbo, akatulia, akapapasa tena. "Mimba ipo," akasema. "Tena kubwa."

Watu wakaanza kupiga kelele kututetea. Kanuni inasema hawajazaa, na huyu hajazaa! Mwacheni bingwa akimbie! Nilimtazama shangazi nikiwa na uhakika atakubali.

"Kanuni niliiweka mimi, na ninajua nilichokusudia," akasema. "Halafu mnataka mjamzito akimbizwe kwa ajili ya zawadi ya kitenge na ndoo? Shuka."

Nilishuka nikilia, wala sikujificha. Yule baba wa Bunda akanifuata, amevua kofia.

"Binti yangu ameamka na homa," akasema. "Punda wangu hana wa kumpanda."

Nilimchukia kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Nikamgeukia shangazi anisaidie kukataa.

"Panda basi. Unangoja nini?"

Yule mweusi hakuwa punda, alikuwa upepo. Alinirusha juu kila hatua, machozi yakakaukia masikioni. Tulikuwa mbele karibu njia yote, mpaka msichana wa Murangi akaja pembeni yangu, anamwimbia punda wake wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu kabisa, akanipita kwa kichwa tu. Katika kelele zote zile nilisikia sauti ya shangazi, akilitaja jina langu mpaka likakatika katikati.

Shangazi alimkabidhi msichana wa Murangi zawadi kwa mikono yake mwenyewe, wakacheza pamoja. Mimi yule baba alinishika mkono, akasema mwaka kesho tena, na nikajikuta nimekubali.

Punda wetu alizaa baada ya wiki chache. Dume. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Sasa nimekuwa mzito wa kumpanda punda yeyote. Siku ya mbio natembea na bwana mifugo kukagua matumbo, na wasichana wananitazama kwa macho makali sana.