Mkono Kwenye Koo la Mwalimu

Vita vilipoingia Palma, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, nilikuwa nimefika Surat al-An'am. Nilikuwa mtu mzima, nimeshazaa na nimeshaachika, nasoma na wanawake wenzangu kila baada ya sala ya alasiri kwenye ua wa mwalimu wetu, mama mmoja wa Mtwara aliyeolewa huku kwetu. Utotoni sikuvuka Juzuu Amma. Baba alinitoa chuoni nikamsaidie mama shamba la mihogo. Kwa hiyo ukubwani nilirudi na njaa, na mwalimu aliiona. Kila siku alinisomesha mimi mwisho, ili asinikatize.

Siku ile tulikuwa tumejibanza nyuma ya ukuta wa duka, mimi, mama na mwanangu. Kitu kililipuka upande wa pili. Mama na mtoto walikuwa wamelala chini. Mimi nilikuwa nimeinama juu yao. Nilipoinuka, dunia ilikuwa imenyamaza. Nikaona mdomo wa mama unakwenda. Nikadhani amepagawa, anaomba dua bila sauti.

Sote watatu tulifika kwa boti Pemba, ile ya huku huku Msumbiji, na huko tukakaa kwa ndugu. Daktari wa hospitali akamweleza mama, mama akanieleza kwa midomo na vidole: sikio la kulia halina kitu tena, la kushoto limebakiwa na kidogo. Labda aparelho, kile kidude cha kuvaa sikioni, kingenisaidia, ila pale hakikuwepo, na hakuna aliyejua kitakuja lini. Kwa sikio lile la kushoto nilisikia watu kama wanazungumza chini ya maji. Sauti nene nilizipata. Nyembamba zilinipita zote. Mtu akisema "sasa" nilipata a mbili tu.

Mazungumzo ya kawaida niliyazoea. Unamtazama mtu usoni, unadaka ulichodaka, kingine unakisia. Lakini Qur'ani haikisiwi. Sini, swadi, thaa, shini, zote kwangu zilikuwa upepo mmoja. Nilijaribu kusoma peke yangu kule Pemba, mama ananisikiliza. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, herufi unazichanganya. Unasoma kingine kabisa."

Nikafunga msahafu. Nilikaa muda mrefu bila kuufungua, na huo ndio muda ambao moyo wangu ulikuwa mzito kuliko hata siku za kukimbia.

Watu walipoanza kurudi Palma na sisi tukarudi. Nyumba ilikuwa haina mlango wala mabati, ila kuta zilikuwepo. Mama akaanza tena kuchoma vitumbua, mimi nikauza. Mwalimu naye akarudi, ua ukafagiwa, wanawake wakaanza kusoma. Nilikwenda siku ya kwanza kabisa.

Alinikumbatia, akalia. Kisha nilipomwambia nataka kuendelea, akanishika mabega ili nimwone vizuri.

"Dada yangu, Qur'ani inapokewa kwa sikio. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na mimi sina njia nyingine. Mwenyezi Mungu hakukalifishi usichokiweza. Leta tasbihi, mswalie Mtume, inatosha."

"Haijanitosha, mwalimu."

"Basi kaa. Lakini sijui nikufanyie nini."

Nikakaa. Kila alasiri nilikaa pembeni na msahafu wangu, nafuata kidole cha jirani. Wengine walinionea huruma. Mmoja alicheka waziwazi nilipojaribu kusoma nao, na kwa kuwa nilimwona na sikumsikia, kicheko chake kilinikaa machoni siku nyingi. Sikuacha. Nilijua nikikosa siku moja, ya pili ingekuwa rahisi kukosa.

Njia niliipata nyumbani, asubuhi moja nikimsuka mama. Mama akisukwa huwa analeta nyiradi zake. Vidole vyangu vilikuwa kwenye kisogo chake, nikahisi kitu kinatetema chini ya ngozi. Nikashusha mkono shingoni. Kikatetema, kikanyamaza, kikatetema tena. Nikamwambia, "Mama, soma Fatiha, polepole." Akasoma. Nilizijua aya kwa moyo, na sasa nikawa nazipokea kwa mkono, pale anapovuta na pale anapokata.

Alasiri sikukaa pembeni. Nilikwenda kupiga goti mbele ya mwalimu.

"Niruhusu nikushike koo."

Wanawake wakatazamana. Mwalimu akalegeza ushungi wake, akachukua mkono wangu, akauweka mwenyewe.

Tulianza upya, tangu alifu. Ayni na haa tulizitafuta katikati ya koo. Qafu tukaipata juu zaidi, ikigonga. Penye ghuna aliweka kidole changu kwenye mfupa wa pua yake, mpaka nikajua mlio ule unakaa kwa muda gani. Penye kuvuta alikunja vidole vyake kimoja kimoja, kama tulivyofundishwa wote, na mimi nikakunja vyangu pamoja naye. Zile za upepo ndizo zilizotutesa. Koo halitetemi kwenye sini wala swadi. Mwalimu akafikiri, akafanya mkono wa kushoto kaakaa na wa kulia ulimi, akanionyesha: kwenye sini ulimi umetulia, kwenye swadi nyuma umeinuka, katikati umebonyea kama kijiko. Kisha akanipa kioo. Nilikwenda nacho mpaka sokoni, mteja akingoja vitumbua ananikuta nimeukodolea macho mdomo wangu kiooni.

"Nyingine umepata, nyingine bado," mwalimu aliniambia kila siku, na hakuwahi kunidanganya. Siku niliyochoka nikalia mbele yake, alisubiri nimalize, akasema, "Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuambia anayeisoma kwa taabu ana ujira mara mbili. Mimi nina mmoja tu. Futa machozi, soma."

Tulipofika Surat Yusuf darasa zima lilikuwa pamoja. Pana mahali ndugu zake Yusuf wanamuuliza baba yao mbona hawaamini wao juu ya Yusuf. Mwalimu alisoma neno lile, "ta'manna", kisha akawatazama wanafunzi.

"Mmesikia nini?"

Wakarudia kama walivyosikia. Akakataa. Wakarudia tena, akakataa. Akanigeukia mimi, na mimi nikasoma kama nilivyouona mdomo wake: nikaingia kwenye ile nuni, nikakusanya midomo mbele kama mtu anayetaka kutamka u, nikairudisha bila u kutoka.

"Hapa mwenye masikio hasikii kitu," mwalimu akawaambia. "Hii ni ya kuonwa. Mtazameni mwenzenu."

Wakanisogelea. Yule aliyewahi kunicheka alikuja karibu kuliko wote, akatazama mdomo wangu, akajaribu, akakosea. Nikamshika kidevu, tukarudia pamoja mpaka akapata.

Siku ya kuhitimu mama alipika wali wa nazi, ua ukajaa. Nilisoma sura za mwisho mbele ya wote. Katika al-Falaq mwalimu aliinua kidole: nimekosea. Nikarudia. Kidole bado kiko juu. Wageni walianza kujisogeza kwenye mikeka, nadhani walitaka anisamehe ili tule. Hakunisamehe. Nilivuta pumzi, nikarudia polepole, na kidole kikashuka. Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Nilipomaliza an-Nas sikufunga msahafu. Kwetu mwenye kuhitimu anaanza tena papo hapo, asiwe mtu aliyekwisha kumaliza. Mama alikuwa anapangusa macho kwa upindo wa kanga. Nikarudisha kurasa zote upande wa mwanzo, nikasoma Fatiha, kisha nikaingia al-Baqara: alif lam mim, navuta kwa vidole, na mwalimu mbele yangu anakunja vyake.