Nilimpigia Makofi Mama Aliyekuwa Akilia

Haya nayasema kwa aibu. Kazi yangu ni kupokea simu za dharura hapa Kalemie, na wiki iliyopita tulikuwa tunafunzwa namna ya kuongea na mtu aliyelemewa mpaka anataka kujiua. Mwalimu alimtuma mwenzangu, Mama Furaha, anipigie kutoka chumba cha pili akijifanya mtu wa namna hiyo.

Simu ikalia. "Papa, nimechoka na maisha," mwanamke akasema. "Niko Katanika, kule kambi ya wakimbizi. Tangu bwana yangu azame ziwani, silali."

Nikamuuliza polepole, wazi, kama tulivyofundishwa: "Mama, unawaza kujiua?"

Akaangua kilio. Alilia vizuri mno, nikaona Mama Furaha sasa anazidisha. Mimi mjinga nikabana simu kwa bega, nikampigia makofi. "Mama Furaha, unajua kuigiza! Hata machozi!"

Kilio kikakatika. Papo hapo mlango ukafunguka, Mama Furaha akaingia. "Unisamehe, Papa Kito, simu yangu imezima. Sijakupigia bado."

Mafunzo yote yakanipotea kichwani.

"Mama," nikasema kwenye simu, "nilifikiri ni mazoezi. Nimekosa sana. Tafadhali usikate."

Kisha akauliza, "Ndo sasa unanisikia?"

"Ndo sasa, mama," nikamjibu, na tukaongea mpaka wenzangu tuliowatuma walipofika kwake.