Sola Yangu Kivulini

Nilipopewa kazi ya kuchanja mifugo Mandera, niliapa sitalala tena kwenye lojing'i zenye kunguni. Nilitandika godoro nyuma ya vani yangu kuukuu, nikafunga paneli mbili za sola juu ya paa, betri chini ya kiti, na friji ndogo ya chanjo karibu na mto wangu. Fundi wa Garissa aliniambia kwamba kwa jua la kaskazini, umeme ningeuchoka mwenyewe. Niliringa njia nzima.

Boma la kwanza lilikuwa la mama mmoja mzee, nje kidogo ya Kutulo. Mbuzi wa majirani walikuwa wanakufa kwa homa ya mapafu, na yeye hakuwa na mali nyingine ila mbuzi. Niliegesha vani peupe kabisa, nikaweka mawe magurudumuni kwa kuwa breki ya mkono ilishakufa, nikaenda kwa miguu kuarifu maboma mengine.

Niliporudi adhuhuri, nilisikia friji inalia, nikaukimbilia mlio bila kuangalia gari limesimama wapi; taa nyekundu ilikuwa imewaka. Joto likipanda kidogo tu zaidi, chanjo yote ingekuwa ya kumwaga. Hasira zangu hazihitaji kuni nyingi. Nilimpigia fundi simu nikamwita mwizi, mwana wa mwizi. Alinisubiri nipumue, kisha akauliza kwa upole, "Kwani gari liko juani?"

Nikatazama juu. Gari halikuwa pale nilipoliacha. Lilikuwa chini ya mgunga, mti pekee wa boma lile, na paneli zangu zimefunikwa mkeka uliolowa maji na kufungwa kamba vizuri sana.

"Sisi nasukuma, daktari," mama alisema, amefurahi. "Gari ya mgeni hawezi kaa kwa jua. Na ile kioo ya juu nafunika na mkeka ya maji, isibasuke."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumpa na yeye fungu lake. Ndipo nikaona mbuzi, wengi wana mimba, wamebanana juani wakihema, ulimi nje.

"Na hawa?" nikauliza.

"Hawa si mgeni."

Niliona aibu, nikaanza kufungua kamba mwenyewe. Nilimweleza kwamba kioo kile hula jua, na vijana wa boma wakasukuma vani hadi peupe. Mbuzi walirudi kivulini kabla magurudumu hayajasimama. Tulipoketi mlangoni kunywa chai, taa nyekundu ilikuwa imezimika, chanjo ni nzima. Lakini mama hakutulia. Alikuwa akiitazama vani ikiungua juani, kisha anatazama barabara.

"Watu nabita hapa," alisema polepole. "Naona gari ya mgeni kwa jua. Nasema mimi ni mtu gani?"

Nikachukua kikombe changu, nikaenda kuketi chini ya mgunga katikati ya mbuzi, mahali ambapo kila mpita njia angeniona.