Upande wa Kwanza wa Ubao

Mume wangu alipopunguzwa kazi, kile kipindi viwanda vya Moshi vilipokuwa vinauzwa na kufungwa, alirudi nyumbani Shirimatunda na mfuko wa nguo za kazi na kimya. Si kwamba kabla ya hapo alikuwa msemaji. Niliolewa na domo zege, na nililijua hilo tangu siku ya posa, maana mjomba wake alisema yote na yeye akala tu. Lakini kimya cha mtu aliyetoka zamu unakielewa, kachoka. Hiki kipya kilikuwa kinakaa nasi mezani kama mgeni asiyeaga, na mimi sina subira na wageni wa namna hiyo.

Kilichomwokoa ni mringaringa. Mti huo ulikuwa umesimama miaka yote kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo kule Kibosho, ukiipa kahawa kivuli, na kahawa ilivyokuwa imeshuka bei hakuna aliyejali tena kivuli. Wakaukata, wakaupasua mbao, naye akazileta nyumbani na kuzipanga kwenye lililokuwa banda letu la ng'ombe. Alitaka kutengeneza meza kubwa, ili watoto wakija Krismasi na waume zao na wake zao wakae wote pamoja. Tatizo ni kwamba mbao zenyewe zilipasuliwa kwa haraka na kukauka vibaya. Kila moja ilikuwa imepinda kwa namna yake.

Akaanza kuzinyoosha kwa randa ya mkono, na kwa kuwa hakuwa na kifaa cha maana cha kubania, aliniita nishike ncha ya ubao usicheze. Hapo ndipo nilipomfahamu mume wangu. Sijui ni nini katika kazi ile. Labda ni kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ubao, si usoni kwangu. Anasukuma randa, anasema neno moja. Anasukuma tena, anasema la pili. Aliniambia jinsi alivyokuwa akimsubiri mama yake barabarani siku za soko, akiogopa hatarudi. Aliniambia kwamba siku walipofungiwa geti la kiwanda alilia bafuni kwetu, na mimi niko nje ya mlango nampigia kelele kuwa anamaliza maji. Aliniambia kuwa mara ya kwanza aliponiona ilikuwa nje ya kanisa, baada ya misa, nikigombana na mama mmoja kuhusu mkungu wa ndizi.

"Nikasema, huyu atanisemea," alisema, akapuliza maranda.

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu hadi watoto wetu wameondoka nyumbani, na mengi ya hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Nikawa napika mapema ili niwahi bandani.

Kisha bega lake la kulia likaanza kumsumbua. Kila jioni nilimkanda kwa maji ya moto, naye anauma meno. Mwishowe akatamka kwamba atanunua mashine ya kurandia. Siku hizo mashine zilizokwisha kutumika Ulaya zilikuwa zinaingia nchini kwa wingi, na Bomang'ombe kulikuwa na kijana anaziuza kando ya barabara ya Arusha. Nilimjibu kwamba ni wazo zuri. Moyoni niliona wivu, na sioni haya kusema hivyo: nilikionea wivu chuma ambacho sijakiona hata kwa macho.

Tulikwenda wote wawili. Kijana alituamkia shikamoo vizuri, halafu akatuonyesha mashine mbili, na zote zilikubali umeme wa nyumbani. Banda letu lilikuwa na nafasi ya moja tu.

Ya kwanza ilikuwa ya kunyoosha. Ina meza ndefu ya chuma, visu viko katikati, unausukuma ubao juu yake mpaka ulale sawa.

"Hii ni ya mtu mmoja, mzee," kijana alisema. "Unasimama mwenyewe, unapiga kazi, freshi kabisa. Hata mama unampumzisha."

Nilimkata jicho mpaka akanyamaza.

Ya pili ilikuwa ya unene. Unauingiza ubao huku, inaubana na kuukwangua, unatokea kule na unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ila haijui kunyoosha. Ubao ukiingia umepinda, unatoka umepinda, tofauti ni kwamba sasa umependeza. Kwa hiyo lazima kwanza uunyooshe upande mmoja kwa njia nyingine.

Mume wangu alizunguka mashine hizo kama mtu anayenunua ng'ombe, akizigusa, akiinama. Mimi nilikuwa naliangalia lile bega. Hata kuinama tu lilimuuma, niliona usoni kwake. Basi nikasema maneno ambayo sikuyataka.

"Baba, chukua hii ya kunyoosha. Bega lipone."

Akanitazama. Kisha akaweka mkono juu ya ile ya pili.

"Tufungie hii," alimwambia kijana.

"Mzee, lakini hii upande wa kwanza utapiga randa kwa mkono," kijana alisema. "Na bega hilo?"

"Upande mmoja badala ya mbili. Nitakwenda taratibu."

"Peke yako?"

Alinionyesha kwa kidevu. "Huyu anashika."

Kijana hakuridhika. Akarudia habari za ile ya kwanza, jinsi itakavyommalizia kila kitu bila kusumbua mtu. Mume wangu alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, mbele ya mtu baki, mchana kweupe, yeye asiyesema:

"Mashine ikininyooshea kila kitu, nitaongea naye saa ngapi?"

Nikageuka haraka nikajifanya natazama mabasi yanayopita kwenda Arusha, maana machozi yalikuwa yananitoka, na mtu mzima kama mimi ningemwelezaje yule kijana kwamba nalizwa na mashine.