Binti yangu alikwama Ubelgiji kwenye mbio za baiskeli kipindi cha Omicron, nikavunja ahadi niliyompa

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo nimeona niandike hili maana nimekaa nalo muda mrefu na halitoki. Yote yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, wahusika wapo hai isipokuwa mmoja.

Wale wa "weka picha" mnisamehe mapema.

Ni Mtanzania, naishi Johannesburg mwaka wa ishirini na ushee sasa. Ni supervisor kwenye ghala moja la kampuni ya usafirishaji Midrand. Mke wangu ni Mkongo wa Lubumbashi, ana saluni Berea, chini ya jengo lile lile tunaloishi. Tuna mtoto mmoja tu, Esperance. Sisi tunamwita Espe.

Espe amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu. Kwa hiyo maneno yake humu nimeyageuza mwenyewe.

Huyu mtoto ana miguu ya baiskeli. Alianza na timu ya mountain bike pale sekondari, na alipomaliza matric, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari, timu moja ndogo ya Ubelgiji ikaona video zake, ikamwalika kwa msimu mmoja wa cyclo-cross. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kwa wasioujua huu mchezo: ni mbio za baiskeli za kipindi cha baridi. Mnazunguka kwenye matope, mchanga na majani yaliyooza. Mkifika kwenye ngazi au kilima kisichopandika, unashuka, unaitupa baiskeli begani, unakimbia nayo, halafu unairukia tena ukiwa kwenye mwendo. Karibu saa nzima moyo uko juu kabisa, hakuna mahali pa kupumzika. Mara ya kwanza kuona nilidhani ni adhabu ya jeshini.

Basi akaenda. Alifikia kwa meneja wa timu, mama mmoja Mbelgiji, tumwite Lotte. Alikuwa na nyumba kubwa kijijini na vyumba vya juu aliwapa wanariadha.

Msimu wenyewe ulikuwa wa kuungaunga. Wiki hii mnaambiwa mbio zipo, Ijumaa inaingia email kwamba manispaa imezuia. Wiki inayofuata mbio zipo ila bila watazamaji. Kila safari lazima uchomekwe kijiti puani kwanza. Espe aliniambia kwenye mbio moja uwanja ulikuwa kimya mpaka alikuwa anasikia mnyororo wa baiskeli ya mtu aliye nyuma yake.

Hata hivyo alikuwa anapanda. Alianza karibu na mkia, akaja katikati, na kufikia mwezi wake wa pili kule alikuwa anamaliza na kundi la mbele la wasichana wa rika lake. Timu ya taifa ya hapa ikaanza kumtazama kwa ajili ya mashindano ya dunia.

Halafu ikaja ile habari.

Nilikuwa kantini kazini, TV inaongea peke yake kama kawaida. Nikasikia wanasayansi wa hapa wametangaza aina mpya ya kirusi, ndiyo hiyo Omicron. Kesho yake nchi zikaanza kutufungia milango, moja baada ya nyingine. Ndani ya siku chache sisi wa kusini mwa Afrika tukawa kama wenye ukoma. Tiketi ya Espe ya kurudi kula Krismasi nyumbani ikafutwa kwa meseji ya mistari miwili.

Mtoto alikuwa hajakanyaga huku kwa zaidi ya miezi miwili. Lakini alikuwa "yule wa South Africa". Aliniambia mezani wanamuuliza kwa upole kama familia yake ni wazima, kisha wanasogeza sahani zao pembeni kidogo.

Wiki mbili hazikupita, kipimo chake kikasoma positive. Sidhani kama kirusi alikitoa kwetu, maana nusu ya kile kijiji walikuwa wanakohoa. Lakini alifungiwa chumbani juu, chakula kinawekwa mlangoni.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Themba.

Themba alikuwa dereva wa forklift, zamu moja na mimi. Kwenye wimbi lililotangulia aliugua, akakaa nyumbani, akarudi mapema. Nikamuuliza, "Themba, uko sawa kweli?" Akaniambia, "Niko sharp, bra." Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tukapigiwa simu na dada yake kwamba amefariki.

Kwa hiyo mimi neno "niko sawa" lilikuwa limeshaharibika masikioni mwangu.

Espe alitoka chumbani baada ya siku kumi, akaanza mazoezi siku hiyo hiyo. Mbio muhimu zilikuwa zinakuja, na timu ya taifa ilikuwa inasubiri matokeo ya Jumapili ile tu ndipo ichague majina.

Jumanne akanipigia video. Anacheka, ananionyesha theluji dirishani. Lakini kila baada ya maneno manne matano anakata, anavuta pumzi, ndipo anaendelea. Kiganja kiko kifuani na yeye hajui kama kipo pale.

Nikamuuliza, "Espe, mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi tu, Dad."

"Ngazi ngapi?"

Akainuka akafunga mlango. Kisha akasema, "Nikikwambia, uniahidi humwambii Lotte."

Nikaahidi. Mzazi gani asingeahidi, wakati anataka kusikia?

Akasema kifua kinambana tangu alipotoka chumbani. Akipanda ngazi moyo unaruka ruka kama umekosa step. Kwenye mazoezi anaona vidoa vyeusi. Lotte anajua ni mafua tu yaliyobaki. "Ni Jumapili moja tu, Dad. Nikishamaliza nitapumzika hata mwezi. Umeniahidi."

Nikajibu, "Nimekuahidi."

Nikakata simu.

Nikashuka saluni kwa Mama Espe. Alikuwa anasuka mteja. Nikamweleza hapo hapo, kwa sauti ya chini. Nilitegemea aseme piga simu sasa hivi. Hakusema hivyo.

Akasema, "Ukimuambia ule mama, na akimutosha mu timu, akimufukuza, mutoto atalala wapi? Ndege haziko. Visa yake ni ya timu."

Nikamwambia, "Mama Espe, huyu mtoto anaona vidoa vyeusi."

"Weye unawaza kifua. Miye nawaza mutoto mu baridi na valizi yake ya nguo. Ngoja kwanza. Muambie apumuzike yeye mwenyewe."

Hakuwa mjinga, wakuu. Alivuka mipaka akiwa msichana, anajua kukosa pa kulala kwenye nchi ya watu ni nini.

Nikamtumia Espe meseji ndefu, nikamsihi akapimwe. Akajibu na kidole gumba tu.

Jumatano nikafanya kazi kama mashine mbovu. Nilipeleka lori zima la mzigo wa Durban kwenye mlango wa Polokwane. Kila simu ikilia natazama kwanza kama ni namba ya Ubelgiji. Niliingia mtandaoni nikasoma habari za wanamichezo vijana walioanguka uwanjani baada ya kuugua, nikafunga, nikafungua tena, nikasoma zingine. Msifanye hivyo, hakuna faida.

Alhamisi mapumziko ya mchana nikaenda kukaa ndani ya gari kwenye parking. Nikapiga kwa Lotte.

Nilimweleza yote, kwa Kiingereza changu cha ghalani. Akasikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu alipotoka chumbani."

Akasema, "Asubuhi hii nilikuwa naye kwenye mazoezi. Nilimwona amekaa chini, nikamwambia ainuke."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikauliza lile lililokuwa linatuua mimi na mke wangu: "Mtamwondoa?"

Akasema, "Baba Espe, sasa hivi nampeleka hospitali. Mengine baadaye." Akakata.

Baada ya kama saa moja ikaingia meseji ya binti yangu. Neno moja: "Uliahidi."

Niliandika jibu refu, nikatuma. Tiki moja ya kijivu. Nikapiga, haipiti. Alikuwa amenifungia.

Wakuu, siku zilizofuata sijui nizielezeje. Mama Espe hakunigombeza. Aliweka chakula mezani, akala saluni. Mara moja tu alisema, bila kuniangalia, "Sasa hata kusikia sauti yake hatuwezi." Na kweli, Espe alitufungia sote wawili, akidhani tulishauriana.

Lotte aliandika mara moja: wamemlaza, wanasubiri vipimo.

Jumapili nilifungua zile mbio kwenye simu. Sijui kwa nini. Nilikaa sebuleni, Mama Espe akaja akakaa mwisho wa kochi. Wasichana wakapangwa mstari, mvua inanyesha, kamera inapita mmoja mmoja. Nafasi ya Espe alipewa msichana mwingine wa timu yao. Akamaliza wa tano. Mke wangu akainuka akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu Lotte akapiga. Nikaweka loudspeaker.

Alisema kuna kipimo kimoja cha damu kimepanda kidogo. Picha ya moyo haionyeshi kitu cha wazi. Daktari anasema inaweza kuwa moyo ulianza kuvimba, inaweza kuwa ni uchovu wa ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa hawajui, ni marufuku kushindana kwa miezi mitatu. Msimu umekwisha.

Mama Espe akainama kwenye simu, akauliza kwa Kifaransa chake kama mtoto anafukuzwa. Lotte akajibu kwa Kifaransa pia, taratibu. Mke wangu akakaa chini. Akanitafsiria: "Anasema chumba ni chake mupaka ndege zirudi. Anasema nani anafukuza mutoto hivi."

Kumbe lile tulilokuwa tunaliogopa zaidi halikuwepo kabisa. Tungemuuliza yule mama swali hilo mapema, siku zote zile tusingezipitia.

Espe alibaki kule akiosha baiskeli za wenzake kwenye mbio. Mama yake alifunguliwa kwenye simu baada ya wiki. Mimi bado.

Mashindano ya dunia yalipita bila yeye. Ndege ziliporudi, tulikwenda kumpokea. Alimkumbatia mama yake mpaka nikadhani hawataachana. Mimi akanipa mkono. Akasema, "Hello, Dad," kama nimetumwa na kampuni kumchukua.

Nilimtafutia daktari wa moyo hapa Joburg, akakubali kwenda. Vipimo vikatoka safi kabisa. Nikamuuliza daktari, je, moyo ulipona au haukuwahi kuumwa? Akasema, "Mzee, hilo hakuna atakayekujibu."

Tukiwa tunarudi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Braamfontein, Espe ndiye aliyeanza. Hakunitazama.

"Kama ungekaa kimya nikaanguka, Mama asingekusamehe, na mimi nisingekuwepo. Hilo naelewa."

Akageukia dirishani, akaendelea.

"Lakini ulinizunguka. Ungenipigia useme, Espe, ahadi naivunja, saa moja ijayo nampigia Lotte, kama unataka mwambie mwenyewe. Ningelia, ningekutukana. Halafu ningekwenda kumwambia. Nilikuwa naogopa, Dad. Nilikuambia wewe kwa sababu nilikuwa naogopa."

Robot ikawaka kijani, wa nyuma wakaanza honi. Nikaendesha. Tulipofika nyumbani nilisema tu, "Samahani, mwanangu." Akasema, "Eish, Dad," akashuka. Sikujua maana yake ni nini. Ila jioni ile alikaa mezani na sisi.

Sasa hivi anasoma chuo na ameanza tena kushindana hapa nchini. Timu ya Ubelgiji haijamwita, nafasi ilishachukuliwa na yule aliyemaliza wa tano. Hasemi hilo wazi, lakini naliona kila msimu wa kule unapoanza. Anazima simu wikiendi nzima.

Nilichojifunza hakihusu ugonjwa. Mngenirudisha kwenye ile parking, bado ningepiga simu. Lakini aliyekuwa na kifua kinachobana alikuwa ni mtu mzima, ana akili zake, na alikuwa upande wa pili wa simu yangu. Nikampigia mtu mwingine. Nilidhani nimebakiwa na njia mbili tu, kunyamaza au kumsemea, kwa sababu hofu ilikuwa imenijaa mpaka machoni. Ya tatu sikuiona kabisa.

Kama nilimwokoa au nilimnyang'anya msimu wake, sijui, na sitajua.

Mliolea watoto mpaka wakawa watu wazima, hasa mlio mbali nao, semeni: mngefanyaje? Na ninyi vijana mnaoficha maumivu ili msikose nafasi, nataka kuwasikia pia. Matusi nitapokea, mradi yatoke kwa mzazi.