Laini ya Afande

Simu yangu ilitumbukia ziwani Jumatano alasiri, pale Ggaba, Kampala, nilipoinama kukagua bomba la mtambo wa barafu niliokuwa nikiufunga sokoni. Nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa shati, jambo ambalo mama amenikataza tangu nianze kazi. Ilizama na laini yake ndani, na wachuuzi wa samaki wakanipa pole huku wakicheka. Hata mimi ningecheka, isipokuwa kesho yake saa mbili asubuhi mama alikuwa apasuliwe goita kule Kakamega, na alikuwa amewaambia madaktari waziwazi kwamba haingii chumba cha upasuaji kabla hajasikia sauti yangu.

Mama yangu akisema neno, limesemwa. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu mahindi yalikuwa bado shambani. Daktari alishaonya kwamba uvimbe ule ulikuwa unambana koo, na kwamba akiikosa siku hii angesubiri miezi mingine. Namba yake ndiyo pekee niliyokuwa nayo kichwani. Za ndugu zangu zote zilikuwa zimezama.

Nikapanda boda hadi Kisenyi, nikanunua katochi, vile visimu vidogo vyenye tochi ambavyo havifi. Hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa laini. Dada wa dukani aliniomba paspoti, nami nikamkabidhi kitambulisho changu cha Kenya kwa madaha kabisa.

"Hii hapana, ssebo. Mashini inataka paspoti."

"Lakini nimevuka mpaka na hiki hiki."

"Mpaka ni ya mpaka. Hii ni laini."

Sisi Wakenya tuna ugonjwa wa kuiona Kampala kama kaunti ya arobaini na nane. Paspoti ninayo, ila niliiacha nyumbani kabatini isije ikapotea safarini. Nilijaribu maduka mengine mawili nikaambiwa yale yale, na katika la mwisho nikamfokea mwenye duka, mzee wa watu aliyekuwa akifuata sheria tu. Aibu hiyo ninayo hadi leo. Ningeweza kuazima simu ya mpita njia, lakini mama hapokei namba asiyoijua, na hakuna mpita njia atakayekuachia simu yake upige mara kumi. Nilirudi chumbani na katochi isiyo na laini, yaani tochi.

Chumba hicho nilikuwa nimekipanga kwa zile wiki tatu za kazi, katika ua wa mama mmoja askari polisi, mjane wa mwanajeshi, mtu wa upande wa Gulu. Ua mzima ulimwita Afande, nami nikafuata. Alirudi kutoka zamu saa moja asubuhi akanikuta barazani, sijapata hata lepe la usingizi.

"Mkenya, nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Aliingia ndani na buti zake, akatoka na laini iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Hii ni laini yangu ingine, ya kuongea na watu wa Gulu. Kaa nayo mpaka siku unarudi kwenu. Lakini iko na jina yangu. Ukitukana mtu, ni mimi watakuja kushika, na mimi ndiyo nashikanga watu."

Nilimshukuru, nikaitia laini kwenye katochi. Alikuwa amenijua siku tisa tu. Najua watu wa damu yangu ambao wangeuliza maswali matatu kwanza.

Nikapiga. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Mara ya tatu mama aliikata mwenyewe. Ilikuwa inakaribia saa moja na nusu.

"Huyu mama yako ni mgumu," Afande alisema.

Hapo ndipo nikakumbuka bipu. Nilipokuwa chuoni, mfukoni sina hata senti ya kumpigia, nilikuwa nambipu mara mbili haraka haraka, natulia kidogo, kisha nabipu mara moja. Maana yake: ni mimi, niko salama. Tangu nianze kazi hatukuwa tumeitumia tena. Nikabipu mara mbili. Nikahesabu hadi kumi. Nikabipu mara moja.

Katochi ikalia mkononi mwangu.

"Mbona unanipigia na namba ya watu?" Mama alikuwa mkali, na sijawahi kuufurahia ukali wake kama siku ile. Nikamweleza habari ya ziwa, ya paspoti na ya laini, na sioni haya kusema kwamba nililia. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Mpe huyo mama simu."

Wakazungumza, mmoja Kiswahili cha Kakamega, mwingine cha kambi za jeshi. Mimi nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, mama." "Hapana, hanisumbui." "Nitaangalia." Kisha Afande akacheka, akamwombea Mungu amtangulie, akanirudishia simu. Ilikuwa imeshakatwa.

"Amekubali kuingia," alisema, akiketi kufungua kamba za buti. "Anasema wewe hakulangi asubuhi. Kuja, chai iko."